BALETI SIO KIKI: Dada Wa Mjini Kavaa Viatu Vya Ncha Kabla Hata Ya Darasa La Kwanza, Watoto Wa Watu Ndio Wanaumia

Jamani, mjini kuna mambo.

Kuna dada mmoja hapa Dar, sura yake inajulikana na kila mwenye simu. Wiki kadhaa zilizopita aliposti picha akiwa kwenye roshani ya hoteli, jua linazama nyuma yake. Kavaa sketi ya tutu ya pinki, taiti za pinki, na miguuni kavaa vile viatu vya satini vyenye riboni, vya kusimamia ncha za vidole. Mkono mmoja kashika ukingo wa roshani, mwingine kautupa hewani kama anasimamisha daladala. Chini yake kaandika kwamba Jumamosi anaanza baleti, na kwamba ndoto haina umri.

Maneno mazuri hayo, na ni ya kweli. Shida iko kwenye tarehe. Picha ilipigwa Alhamisi na darasa lilikuwa Jumamosi. Yaani kiatu ambacho wachezaji wa baleti wenyewe wanakisubiri kwa miaka, huyu dada kakivaa siku mbili kabla hajafundishwa hata namna ya kusimama.

Komenti zikamiminika kama mvua ya masika. Nusu ya watu wanasema "unaua mama", nusu nyingine wanasema "utavunjika kiuno bi mkubwa". Hakuna hata mmoja kati ya hizo nusu mbili aliyeuliza swali la maana: hicho kiatu huvaliwa na nani, lini, na kwa nini?

Na kwa sababu hakuna aliyeuliza, kuna mtu kaumia.

BINTI WA TABATA

Kuna binti wa miaka 24 anaishi Tabata, anatengeneza kucha. Hana saluni yake, wateja wengi anawafuata majumbani, leo Sinza, kesho Kinyerezi, begi la rangi na mashine mgongoni. Ni mfuasi wa yule dada wa kufa na kupona. Alipoiona ile picha akaingia kwenye ukurasa wa muuzaji aliyetajwa pale chini, akaagiza viatu vile vile kwa laki mbili na ishirini. Laki moja alikuwa nayo. Iliyobaki alikopa kwenye kikoba.

Viatu vikaletwa na bodaboda jioni. Usiku huo huo akavivaa chumbani kwake, sakafu ya tailizi, kashika nondo za dirisha, video inaonyesha kwenye simu. Mara ya kwanza akapanda. Mara ya pili akapanda. Mara ya tatu mguu ukageuka.

Kifundo kilivimba kama andazi. Hospitali wakamwambia mshukuru Mungu, mfupa haujavunjika, ila kano zimevutika, pumzika. Akakaa ndani wiki tatu. Na mtu anayewafuata wateja majumbani akikaa ndani wiki tatu, wateja wanatafuta mwingine. Marejesho ya kikoba nayo hayasubiri kifundo kipone.

Alimwandikia yule dada inboksi mara mbili. Hakuomba hela, aliomba tu aseme kwenye ukurasa wake kwamba vile viatu sio vya mtu anayeanza. Kimya. Rafiki yake alipoandika habari hiyo chini ya ile picha, jibu likaja kwenye stori, kwa maandishi meupe kwenye giza: kila mtu mzima ana akili zake.

Mashabiki wakashangilia. "Umewapa mama, umewapa!"

KILA MTU ANA AKILI ZAKE?

Hapa inabidi watu wakae chini wapige hesabu taratibu.

Ni kweli mtu mzima ana akili zake. Binti wa Tabata angeweza kumuuliza mwalimu kwanza. Angeweza kusoma kwanza. Hata yeye mwenyewe anakubali kwamba aliparamia. Na ni kweli vilevile kwamba yule dada hajamshika mtu mkono kumvalisha kiatu.

Lakini viatu vile hakununua. Alipewa na muuzaji, na jina la muuzaji likawekwa kwenye picha kwa herufi kubwa. Hilo ni tangazo. Muuzaji hakumpa kwa sababu anapenda sana baleti. Alimpa kwa sababu anajua huyu dada akivaa kitu Alhamisi, Ijumaa wasichana mia wanakiulizia bei. Kwa lugha nyepesi, alilipwa ili abadilishe akili za watu.

Sasa huwezi kulipwa kwa sababu una ushawishi, halafu siku ya hasara ukasema huna ushawishi. Chagua moja. Kama maneno yako yana uzito wa kuuza kiatu, yana uzito wa kuvunja mguu pia.

Tena kilichoombwa kilikuwa kidogo mno. Sentensi moja tu: "Wadau, hivi viatu ni vya picha, msivivae mkiwa mnaanza." Isingemgharimu chochote. Labda ingemgharimu muuzaji, na pengine hapo ndipo penye jibu la kwa nini haikuandikwa.

KIATU CHA NCHA NI KITU GANI HASA?

Wengi wanadhani baleti ni kile kiatu. Sivyo. Baleti ilizaliwa kwenye majumba ya watawala wa Italia, ikakulia Ufaransa, na mwaka 1661 mfalme Louis wa 14 akaanzisha taasisi yake ya dansi kule Paris. Ndiyo maana mpaka leo, uwe Moscow, Havana au Masaki, mwalimu anataja hatua kwa Kifaransa. Kusimama kwenye ncha za vidole kulikuja kushika kasi baadaye sana. Mchezaji anayetajwa zaidi ni Marie Taglioni, aliyecheza La Sylphide mwaka 1832. Hesabu mwenyewe miaka hapo katikati. Watu walicheza baleti vizazi na vizazi bila hicho kiatu.

Chenyewe kinadanganya macho. Kwa nje satini na riboni, kwa ndani kuna kasha gumu la kubana vidole, limetengenezwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na chini ya unyayo kuna ubao wa kushikilia mguu. Mchezaji akipanda, uzito wa mwili wote unakwenda kwenye eneo dogo mbele ya vidole. Kinachomzuia asianguke sio kiatu. Ni vifundo, ndama za miguu, mapaja, tumbo na mgongo, vilivyofanya mazoezi kwa miaka.

Ndiyo maana mwalimu anayejijua hamruhusu mwanafunzi kuvaa mpaka amkague mwenyewe. Na hata akiruhusu, kiatu kinapimwa mguuni: upana wa mguu, urefu wa vidole, unyayo ulivyopinda. Watu wawili wanaovaa namba 39 wanaweza kuhitaji viatu viwili tofauti kabisa. Kununua kiatu cha ncha kwa kuangalia picha ni kama kununua miwani ya macho kwa sababu imempendeza jirani.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza anavaa viatu laini vya baleti, vya ngozi au kitambaa, vinavyobana mguu kama soksi. Na madarasa mengi ya watu wazima wanaoanza, hata hivyo vinasubiri. Soksi zinatosha kwa kuanzia, mradi uende taratibu, maana soksi kwenye sakafu laini zinateleza.

Soksi tu. Sasa nani atakupa dili la kutangaza soksi zako za zamani? Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo.

JUMAMOSI ILIPOFIKA

Yule dada darasani alifika, tusimnyime haki yake. Alifika dakika 20 baada ya kuanza, akiwa na mpiga picha, msaidizi wa nywele, na ile taa ya duara. Wenzake walikuwa wameshapasha mwili. Mwalimu akamwambia kwa upole avue vile viatu, aingie na soksi, aanzie nyuma aone wenzake wanavyofanya. Akavua. Akafanya dakika chache, akatoka nje kupiga simu, akarudi kupiga picha kwenye bomba la ukutani wakati wenzake wako katikati ya chumba wanahangaika na miguu yao.

Jumamosi ya pili akaja tena. Ya tatu hakuonekana. Siku chache baadaye vile viatu vikaonekana kwenye stori yake, vinauzwa, na maelezo kwamba vimevaliwa mara moja tu.

Na nani atavinunua? Mtu mwingine anayeanza.

KULIKUWA NA MAMA PALE NYUMA

Sasa kwenye darasa hilo hilo kulikuwa na mama mmoja wa miaka 34, keshia, watoto wawili, anakaa Mbagala. Huyu hakuna aliyejua anaanza baleti isipokuwa mume wake na mdogo wake wa kike. Maandalizi yake yangetakiwa kuwekwa kwenye fremu.

Kwanza alipiga simu. Akauliza: hili darasa ni la watu wazima ambao hawajawahi kabisa, au la waliowahi utotoni? Maana ukiingia darasa lisilo lako utatoka unalia. Akauliza sakafu ni ya mbao au ni saruji, kwa sababu kuruka juu ya saruji kunaumiza miguu. Akauliza bei ya kipindi kimoja, akaambiwa anaweza kulipia kimoja kimoja kabla ya kujifunga mwezi mzima. Akamwambia mwalimu kwamba goti lake la kushoto liliwahi kuumia alipoanguka na bodaboda. Mwalimu akaliandika.

Pili, alianza kuuzoesha mwili wiki tatu kabla. Hakwenda jimu. Kila asubuhi akipiga mswaki anasimama mguu mmoja, dakika ya kwanza kulia, ya pili kushoto. Jioni akisubiri maji ya ugali yachemke, anashika ukingo wa sinki, anapanda taratibu kwa vidole na kushuka taratibu, mara 15. Siku za kazi anashuka kituo kimoja kabla, anatembea. Hakuna lililomgharimu hata shilingi.

Tatu, mavazi. Taiti nyeusi aliyokuwa nayo, fulana inayoshika mwili kidogo, sidiria ya mazoezi, soksi safi. Fulana inashika mwili kwa sababu mwalimu lazima aone goti na nyonga zinafanya nini. Ukienda na dera, anakufundisha kwa kubahatisha. Dada mwingine wa darasa hilo anavaa mtandio, kaufunga vizuri nyuma bila pini kali, sketi fupi nyepesi juu ya taiti, mikono mirefu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Rasta zinafungwa juu, zisikuchape machoni wakati wa kugeuka. Wigi liache nyumbani, hilo halina mjadala. Kucha za miguu kata, hereni ndefu vua, na bangili.

Nne, tumbo. Alikula masaa mawili kabla, ndizi na chapati moja na chai. Hakwenda na njaa akazimia, wala hakwenda na sahani ya pilau tumboni. Akabeba maji.

Tano, foleni. Kutoka Mbagala mpaka upande ule wa mji, Jumamosi asubuhi, kila mtu anajua. Alitoka mapema, akafika nusu saa kabla, akakaa kwenye ngazi akapumua. Kuchelewa darasa la baleti sio kukosa adabu tu. Dakika za mwanzo ndizo za kupasha mwili, na mwili wa baridi ndio unaovutika.

Na kichwani alijiandaa kwa jambo moja ambalo wengi hawajiandai: kuonekana hajui.

KINACHOTOKEA NDANI

Mtu asiyejua anadhani ataingizwa kwenye mizunguko siku hiyo hiyo. Darasa linaanza kwenye bomba la ukutani. Unashika kidogo tu, sio kuning'inia kama abiria wa mwendokasi. Unafundishwa nafasi tano za miguu. Unafanya plie, maana yake kukunja magoti. Tandu, kunyoosha mguu ukiuteleza sakafuni mpaka vidole. Releve, kupanda juu. Ukisikia hivyo unasema ni rahisi. Fanya mara 16 ukiwa umenyooka mgongo, tumbo ndani, mabega chini, shingo ndefu, na uso usionyeshe kama unakufa. Baada ya nusu saa mapaja yanatetemeka kama jenereta.

Halafu kuna kitu wanakiita kufungua miguu, vidole vikielekea nje. Wanaoanza wengi wanalazimisha nyayo zitazame nje wakati magoti yanatazama mbele. Hapo goti ndilo linalolipa. Kufungua kunaanzia kwenye nyonga, na kila mtu ana nyonga zake alizopewa na Mungu. Kama zinafunguka kidogo, fungua kidogo. Na ukiona mwalimu anakusukuma mguu kwa nguvu huku unalia, huyo hakufundishi, anakuumiza. Beba begi lako ondoka.

Baadaye mnaachia bomba mnakwenda katikati ya chumba, mwishoni mnavuka chumba kwa hatua na miruko midogo. Darasa linafungwa kwa kuinama kumshukuru mwalimu. Kujinyoosha kule kwa kukaa muda mrefu kwenye mkao mmoja kunafaa mwishoni, mwili ukiwa wa moto. Wanaojipasua msamba mwanzoni ili wapigwe picha wanajitafutia balaa.

Yule mama wa Mbagala siku ya kwanza alikosea karibu kila kitu. Wakati wa kuvuka chumba, wenzake wakaenda kulia, yeye akaenda kushoto, akagongana na dada wa mtandio, wakashikana wasianguke, wakacheka.

Na mtu akarekodi.

WAZEE WA KUKUNJA SAMAKI

Ile klipu ya sekunde tisa ilirekodiwa kutoka upande ule uliokuwa na taa ya duara. Nani hasa aliirusha haijulikani. Jumatatu ilikuwa kwenye magrupu yote, imewekewa muziki wa singeli na vikatuni vya kucheka. Mtangazaji mmoja wa redio, mwanaume mzima, akaitolea hoja hewani karibu dakika kumi. Eti kuna umri wa baleti. Eti samaki mkunje angali mbichi. Eti mama watoto arudi kupika.

Tuanze na samaki. Methali ile inahusu malezi, kumrekebisha mtoto mapema. Haijasema mtu mzima hawezi kujifunza. Na binadamu sio samaki. Samaki akikauka ndio basi, misuli ya binadamu inaimarika hata uzeeni ukiifanyisha kazi. Uingereza, Royal Academy of Dance, taasisi inayofundisha na kutahini baleti duniani, ina programu inaitwa Silver Swans kwa watu wa miaka 55 na kuendelea. Mtu wa miaka 55 anaanza, wa miaka 34 anaambiwa kachelewa!

Ni kweli, ukitaka kuwa mchezaji wa kulipwa, umri una neno. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, na watu wakaona kachelewa. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi mwenye asili ya Marekani kupanda mpaka cheo cha juu cha wachezaji wa American Ballet Theatre. Lakini yule mama hajasema anataka kwenda New York. Anataka saa moja na nusu kwa wiki ambayo hakuna anayemwita mama, wala dada wa kaunta namba nne. Hiyo nayo ina umri?

Na huyo huyo mtangazaji mwaka juzi alianza jimu akiwa na kitambi cha miaka mingi. Aliposti kila siku, jasho, chuma, kioo. Watu wakampongeza. Hakuna aliyemtajia samaki. Kwa nini mwanaume akianza kunyanyua chuma ukubwani ni nidhamu, na mwanamke akianza kunyanyua mguu ni kichekesho?

Kuna wengine wakaja na "sio utamaduni wetu". Mpira wa miguu ulizaliwa Kariakoo? Ndondi je? Na kama ni utamaduni, basi utamaduni wa hapa ndio unaomtetea yule mama zaidi ya wote. Kwenye mdundiko, sindimba au msondo, lini bibi aliambiwa akae pembeni kwa sababu ya umri? Bibi akiingia katikati ndio ngoma inanoga, anatunzwa. Kinachoitwa utamaduni hapo ni roho mbaya iliyovaa kanga.

Na kuhusu kwamba baleti ni ya wazungu, watu weusi hawajasubiri ruhusa. Arthur Mitchell alianzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na wachezaji wake wakaacha taiti za pinki wakavaa za rangi ya ngozi zao. London kuna kundi la Ballet Black tangu 2001, na mwaka 2018 kiwanda cha viatu cha Freed kilianza kuuza viatu vya ncha vya kahawia walivyoshirikiana navyo. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanavipaka rangi wenyewe. Hapo Nairobi, watoto wa Kibera wamejifunza baleti kwenye chumba cha darasa, madawati yamesukumwa pembeni, hakuna bomba wala vioo. Hawakuwa na sketi za tutu za kuanzia. Walikuwa na nafasi ya kusimama na mtu wa kuwafundisha.

Kwa hiyo pinki sio sheria. Nyeusi inafaa, kahawia inafaa, soksi ya mtumba inafaa.

KIKI NA KEJELI NI NDUGU

Mtu anaweza kudhani yule dada na yule mtangazaji ni watu wawili wanaopingana. Mmoja anasifia baleti, mwingine anaicheka. Ukweli ni mapacha. Wote wawili wanaamini mwili wa mwanamke uko pale ili utazamwe. Mmoja anasema usianze mpaka upendeze. Mwingine anasema hupendezi, kwa hiyo usianze. Katikati yao kabanwa binti wa Tabata, aliyeona bora akope hela anunue kiatu cha kupendeza kuliko aende na soksi achekwe.

Na hapo alikuwa na hofu ya kweli, sio ujinga. Klipu ya yule mama imethibitisha hofu yake. Ukienda na soksi ukakosea, utarushwa mtandaoni. Kwa hiyo kila aliyeituma ile klipu na kikatuni cha kucheka, naye kachangia kuuza vile viatu. Msimnyooshee kidole dada peke yake.

Studio nayo ina la kujibu. Ukiruhusu mpiga picha na taa yake kwenye darasa la watu waliolipa kujifunza, umewauza wateja wako. Sheria ya simu mlangoni haina gharama. Baada ya ile klipu waliiweka, wamefanya vizuri, ila waliiweka baada ya mtu kudhalilishwa.

KINACHOTAKIWA SASA

Hakuna anayemtaka yule dada afute picha. Picha ni nzuri. Aongeze tu mstari mmoja chini yake, kwa herufi kubwa zile zile alizomwandikia muuzaji: viatu hivi sio vya kuanzia. Na vile anavyoviuza kwenye stori, aseme ukweli huo huo kwa atakayevitaka. Hapo atakuwa ametumia ushawishi wake kama mtu mzima mwenye akili zake.

Mtangazaji naye kuna darasa la Jumamosi. Aingie nusu saa tu, afanye plie 16 bila kushika kiuno. Akimaliza akaweza kupanda ngazi za kutokea, aongee anachotaka.

Yule mama wa Mbagala hakuacha. Wiki ya kwanza baada ya klipu alilia, mdogo wake akamsindikiza mpaka mlangoni. Baada ya darasa la tatu, alipokuwa na uhakika anaipenda, ndipo akanunua viatu laini, vya kitambaa cheusi. Sasa yuko wiki ya kumi na mbili na anajua kulia ni wapi.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, kasimama mlangoni hajui aingie au arudi. Binti mwembamba, begi mgongoni, kifundo cha kulia kafunga bandeji ya kuvutika. Akamwambia mwalimu kwamba daktari kamruhusu ila taratibu, na kwamba hana viatu, ana soksi tu. Mama akasogea kwenye bomba, akampa nafasi pembeni yake.

Alikosea karibu kila kitu. Hakuna aliyerekodi. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Wadau, mnasemaje? Dada ana kosa au kila mtu ana akili zake? Na nyie mlioituma ile klipu, mpo? Shusheni komenti hapo chini, ila matusi pelekeni kwenu.